Maini ya Rehema

Dada Mwanaidi,

Bila mimi nchi hii isingekuwa na mwanamke hata mmoja wa mbio ndefu. Juzi kiongozi mkubwa kanisimamisha Kariakoo, kanishika mkono, kasema, "Ndugu Selemani, taifa linakutegemea." Najua ungesema, "Sele, punguza chumvi." Haya, hakuwa mkubwa sana. Alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi.

Naandika nikiwa uwanjani, karatasi juu ya goti, na mwanao Rehema anakimbia hapa mbele yangu. Leo wanachagua wasichana wawili wa kwenda kambini. Mwalimu wao kasema baada ya leo hatampa Rehema nafasi nyingine.

Tangu uondoke amerefuka, amenipita. Kila alfajiri anatoka kwetu Mchafukoge, anakata Upanga, anageuzia Feri, mimi nyuma kwa baiskeli nampigia kengele. Wauza samaki wanamtania, "Dada, huyo mzee kakufumania na nini?" Anacheka, mwendo haupunguzi.

Lakini majaribio yaliyopita alianguka, dada. Kona ya mwisho. Midomo imepauka, kifua kinatafuta hewa hakipati. Nikakuona wewe, siku zile unashika ukuta kila ukipanda ngazi, unasema, "Uchovu tu, Sele." Hospitali wakasema miguu anayo, damu hana, wasichana wa mbio damu huwapungukia upesi, na bila damu pumzi haiji. Ale maini kila wiki.

Maini! Siku hizi hata sabuni ni foleni. Buchani watu wanapanga mawe ya kushikia foleni tangu usiku, kila jiwe na mwenyewe. Langu nimelipaka chokaa lisipotee. Muuza nyama ananiambia, "Mzee Sele, jiwe lako limenona kuliko wewe." Kila wiki nimempelekea Rehema maini yake. Wiki hii tu ndiyo yaliisha kwa mtu aliyekuwa mbele yangu. Nikarudi mikono mitupu. Akasema, "Si neno, mjomba."

Anapita sasa. Wa nne. Hakuniangalia.

Mwalimu kashika saa. Nimewaambia walio karibu yangu kwamba mbinu zote hizi nimemfundisha mimi. Kengele ya mzunguko wa mwisho hiyo. Kampita mmoja. Anaiendea kona ile ile. Kichwa kimeanza kulala upande, kama siku ile. Dada, mshike. Mshike huyo mtoto, mimi siwezi kutoka hapa nilipo.

Kamaliza. Wa pili! Kamaliza kwa miguu yake. Alijikunja, kashika magoti, nikasema basi tena, kumbe anacheka. Kaja mpaka hapa jasho tupu: "Mjomba, umeona? Na wiki hii maini sikula!" Watu wananipa mikono. Mimi sijui uso niuweke wapi.

Pumzika kwa amani, dada yangu. Mpaka siku atakayopanda gari kwenda kambini, jiwe langu litakuwa la kwanza pale buchani, na kila kipande kitafika kwenye sahani yake. Nakuahidi wewe, maana yeye siwezi kumwambia. Maini ya wiki hii hayakuisha. Niliyapata. Njaa ikanishika njiani, nikaingia kwa rafiki yangu mmoja, nikayakaanga na kitunguu, nikayala yote peke yangu. Nilipofika mlangoni kwetu nikafuta mdomo.