Mkanda wa Pili

Ulyankulu

Kaka Evaristi,

Shikamoo. Mahindi yamebeba vizuri mwaka huu, na mguu wa Mama umepata nafuu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yangu anayo Baba tangu Jumapili.

Tamasha la kodiani ni wiki ijayo. Baba amemaliza kuunda yake mpya, yenye mvukuto mpana na vitufe ishirini na kimoja, na ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mbao zake ni za mninga aliokwenda kukata na mume wangu Gervasi kule msitu wa Usinge. Baba alirudi peke yake, akasema Gervasi amepitiliza Kigoma kutafuta kazi. Hii ni wiki ya tano. Unajua tangu wateja waanze kusifia kodiani anazounda Gervasi, Baba hakula naye tena sahani moja.

Jana aliniita niijaribu kodiani begani, maana mkanda wa kuibebea hupimwa mwilini kabla ya kushonwa. Kidole changu kikagusa tundu la mkanda lililokaa upande. Nililitoboa mwenyewe kwa msumari wa moto Gervasi alipokondeshwa na malaria. Ni mkanda wa suruali aliyoondoka nayo siku ile.

Nikamwambia Baba inakaa vizuri.

Akaniambia kodiani inataka mikanda miwili. Kisha akauliza kama wewe bado unavaa ule wako wa ngozi.

Atakuita uje kwenye tamasha. Usije, kaka.

Mdogo wako,
Stela