Rose Hakukuambukiza, Mama

Mama yangu,

Miezi mitatu leo tangu utuache. Nnakuandikia chumbani kwako, hapa hapa Hail, huku Ghuba, na kiyoyozi nimekizima kwa kuwa hukukipenda. Kaka Salim anataka chumba kiwe cha wageni, keshatoa kitanda. Unamjua, hana subira.

Nna jambo limenikaa kooni. Hebu nisikilize usinikatize, maana kunikatiza ndo ilikuwa kazi yako.

Wakumbuka nilivyokuwa nakusomea masomo yangu kabla sijaenda kuyafundisha chuoni? Lile la Wazungu walipofika Amerika na ndui na surua, maradhi ambayo wenyeji hawakuwa wakiyajua wala miili yao haikuwa na kinga nayo. Nilikusomea jinsi nyumba nzima ilivyolala kwa homa siku moja, na waliosalia wazima wakaja kukaa na wagonjwa wao, wakala nao, wakaondoka nayo. Mie nnahesabu mauti, wewe ukaniuliza, "Sasa nani alowapikia uji?" Nikacheka. Lo, Mama! Swali lenyewe ndo hilo. Wapo waliokufa kwa kiu, si kwa ndui, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusimama akateka maji. Nikalitia kwenye somo langu, na sikusema kuwa ni lako.

Nikaenda nalo Ulaya, kwenye mkutano wa walimu wa historia. Nikarudi na kikohozi. Kutoka uwanja wa ndege nikaja moja kwa moja kwako, nikakaa mbali, karibu na mlango. Ukamimina kahawa, ukaonja kwanza kama kawaida yako, ukanipa. Nikasita. "Unanionea kinyaa, mie niliyekuzaa?" Nikanywa. Nikakurudishia kikombe kile kile, ukajimiminia, ukanywa. Kusema tu "Mama, nnaumwa" kulinishinda. Niliona haya. Mwalimu wa somo lile, mie!

Siku ya nne homa ikakushika, ikateremka kifuani. Daktari akasema ni mafua makali na mapafu yako hayahimili. Watu wakajaa kuja kukutazama, wanakubusu mikono, nami sikuthubutu kumzuia hata mmoja.

Rose naye, Mganda wa watu, aliyekuosha na kukulisha miaka sita, akaanza kukohoa baada yako. Salim akapata wa kumtwika. "Kayatoa kanisani kwao. Hawa wageni ndo wanaotuletea maradhi." Matanga hayajaondolewa, akakatiwa tiketi ya kurudi kwao. Alitoka na sanduku moja, homa bado anayo. Mie nimesimama sebuleni. Nilinyamaza, Mama. Nilinyamaza mpaka gari likatoka.

Jana nilimpigia simu. Nilianza kulia kabla sijasema kitu. Akaniambia, "Dada, mimi nilijua. Nilikusikia unakohoa ile siku. Waliponifukuza nikasema huyu amefiwa, wacha nisimuongezee." Hata neno moja kali hakunitupia. Anataka kurudi Ghuba kufanya kazi, ana watoto wa kusomesha, lakini wakala wa kazi za nyumbani kamwandika kuwa alirudishwa kwa kuambukiza watu nyumbani. Kila anakobisha hodi wanamsomea hilo.

Leo Ijumaa wote wanakuja kula hapa. Wakishanawa mikono, kabla hawajatawanyika, nitasema mbele ya Salim na mkewe na watoto wote: ni mie. Kisha Salim amwandikie wakala barua ya kumsafisha Rose. Akikataa naandika mie, kwa jina langu, nataja na kikohozi na kikombe. Najua watakavyonitazama. Wengine hawatanipa mkono tena, na wana haki.

Buriani, Mama. Mungu akupe kauli thabiti huko uliko. Nakuahidi sitaiacha Ijumaa hii ipite. Wewe nilikuua bila kukusudia, na nakuomba radhi kila nikisali. Rose nilimwacha atoke mlangoni, nami najua si yeye.

Mwanao,
Zuwena