Mama Banki

Yaya Emery, mukubwa wangu,

Huku kwetu Saio miye ndiye mufunga magoli mukubwa sasa. Weye ulizoea kukosa hata goli lenye halina kipa!

Kutoka Kampala, Kigali, mpaka Lubumbashi, kila timu unaikala ku banc na wale wenye hawachezi. Siku uliambia mama vile ku telefone, alisikia "banki". Akatangazia kila mutu: "Emery iko ku banki!" Ku kanisa banamuita Mama Banki.

Sasa mama iko mugonjwa sana. Dokta alisema tumurudishe tu nyumbani. Nilitaka kukuita, akakataza: "Umuache, bakubwa ba banki batamukasirikia."

Yaya, ku banc hakuna mwenye atajua kama haupo. Kuya nyumbani mbio.

Mudogo wako mwenye kukupita ku mupira,
Kamate