Kaharabu na Sufu

Jumatatu, 12 Januari

Siku ya sita nyumbani. Nimetoka Mtoni, ninakolala, saa mbili, nimefika kwa dada, Malindi mjini, kabla ya saa tatu. Viatu mlangoni, soksi miguuni. Miaka hamsini na mbili ya nchi za baridi imenigandisha vidole. Hata joto la kaskazi haliviponyi.

Nimemwamkia dada Salma. Shikamoo. Hajaitikia. Haitikii tangu nirudi. Ananitazama kama mchuuzi aliyekosea nyumba. Nimenyoosha mkono niushike wake. Tak! Cheche ya buluu baina ya vidole vyetu. Pazia lilikuwa limefungwa, sote tumeiona.

"Raya! Mtoe huyu! Huyu si mtu!"

Daktari amesema moyo wake umechoka. Sina kingine nilichorudia. Nataka aniitikie, basi.

Jumatano, 14 Januari

Nimemweleza Raya, binti yake. Nimefanya kazi miaka thelathini katika kiwanda cha nyuzi, haya nayajua. Vitu viwili vikisuguana, kimoja hukipokonya kingine chembe za umeme, na mtu hutembea nazo mpaka aguse kitu. Hewa kavu huziacha. Hewa yenye maji huzinywa. Wakati wa baridi tulikuwa tukipuliza mvuke kiwandani, la sivyo nyuzi zilisimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa. Hapa ni soksi zangu za sufu, zulia la nailoni, na kiyoyozi kinachounguruma kutwa kwa ajili ya mgonjwa. Wengine wote huingia pekupeku.

"Mie nnakuelewa, mjomba," Raya amesema. "Lakini mama anasema jini ndiye afichaye miguu. Zivue, akuone huna kwato."

Nimezivua. Dada ameinama kitandani, ameitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

"Kaibadilisha."

Raya amecheka. Mimi sikucheka.

Ijumaa, 23 Januari

Tasbihi ya marehemu baba ingali inaning'inia kwenye nguzo ya kitanda. Kaharabu, utomvu wa miti uliogeuka jiwe, rangi ya asali. Baba hakuikubali kaharabu ya mtu mpaka aisugue kwenye joho lake la sufu na kuisogeza kwenye vipande vya ukindi, majani makavu ya kusukia, vilivyokatika mkekani. Ikivinyanyua, ya kweli. Hakujua kwamba plastiki nayo hunyanyua. Nilikuja kulijua mimi, naye keshazikwa.

Leo nimeisugua kwenye soksi, mbele ya dada. Vipande vya ukindi nilivyokuja navyo vimeruka na kuganda kwenye punje.

"Sefu wee! Rudisha tasbihi ya baba, atakutandika!"

Kisha, polepole: "Marahaba."

Nimelia mbele ya Raya. Sioni haya.

Jumamosi, 14 Februari

Kila siku sasa ananyoosha kidole mwenyewe. "Haya, niume." Tak! "Marahaba, mwizi wa tasbihi."

Soksi sizivui tena. Naburura miguu toka mlangoni ili cheche isikose.

Alhamisi, 2 Aprili

Masika. Umeme wa mji umekatika tangu jana, kiyoyozi kimekufa, kuta za mawe zinatoka jasho. Nilijua itakavyokuwa. Nimekwenda hivyo hivyo. Nimeburura miguu kama mwendawazimu, nimegusa. Kimya.

Dada amekirudisha kidole kifuani. "Wewe nani?"

Kosa ni langu. Ningeweza kumzoesha sauti yangu, uso wangu. Nilimzoesha cheche.

Jumamosi, 4 Aprili

Maji yalifunga barabara, nimefika adhuhuri. Umeme bado. Dada amekaa kitako, anatabasamu peke yake.

"Sefu kaja asubuhi. Kaniamkia, nshamwitikia. Kaniuma hapa."

Kwenye ncha ya kidole, doa jekundu.

Nimemtazama Raya. "Mjomba, komeo nimelitoa nilipokufungulia wewe. Wallahi hajaingia mtu."

Nimeinama, nimeligusa zulia. Bichi. Kwenye zulia bichi hakuna cheche. Hilo nalijua kama nilijuavyo jina langu. Nimetaka kumwambia hivyo Raya. Naogopa. Tena nina wivu, na hilo ni baya zaidi.

Jumatatu, 6 Aprili

Mvua imetulia, hewa bado nzito kwa maji. Soksi nimeziacha Mtoni.

Nimeisugua kaharabu kwenye shali ya Raya. Vipande vya ukindi havikutikisika. Naandika nilichokiona.

Dada amenikaribisha kama mgeni, akamwambia Raya aniletee kahawa. Amenisimulia habari za ndugu yake, Sefu, aliyesafiri akiwa na miaka kumi na tisa. Anakumbuka shati alilovaa. Mimi nilikuwa nimelisahau. Nimesikiliza mpaka kahawa ikapoa.

Nilipoaga nimesema narudi Mtoni, kisha shikamoo, kwa mazoea. Amekitazama kidole chake.

"Yeye akiondoka hapa hupitia huko huko Mtoni. Ukimkuta njiani, mwambie nimeitikia."

Nimesema nitamwambia.