Shahidi Ambaye Hakusikilizwa

Jumanne jioni

Laiti leo ningeamka bubu.

Ilikuwa kesi ya yule meja aliyeshtakiwa kwa kula rushwa ya vibali vya sukari. Shahidi alikuwa mmoja tu, Mama Zawadi, Mkongo anayeuza vitenge katika soko la Kikuubo. Mimi ndiye mkalimani, kwa hiyo kama kawaida nilimwuliza jina na anakoishi, nikayatangaza ili korti nzima isikie. Alikuwa ameshashika Biblia hakimu mpya aliposema kesi imefutwa. Sababu hakutoa.

Hakimu wa zamani asingekubali. Alikuwa akisema kesi ya rushwa haifutwi kabla shahidi hajafungua kinywa. Nadhani ndiyo maana wakamhamisha.

Mama Zawadi alinitazama mimi, si hakimu. "Lakini muzee, miye sijasema kitu."

Kazi yangu ni kutafsiri, na hapo hapakuwa na la kutafsiri.

Meja alitoka akicheka na askari wake. Mlangoni akageuka, akamwambia Mama Zawadi kwa upole kabisa: "Kasubi, nyuma ya kanisa, si ndiyo mama?"

Anwani hiyo nilimpa mimi.