Kipande Chako cha Neti ya Kabichi

Nyumba ya bustani,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, mumeo na watoto. Baridi ya huko imepungua, au bado mnalala na soksi? Goti lako je? Mara ya mwisho uliniambia unapanda ngazi za kazini ukiwa umeshika ukuta, na tangu hapo kila nikiona ngazi nakukumbuka. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, ingawa bado nalala upande wangu wa kitanda kana kwamba kuna mtu wa kumpisha.

Baada ya salamu, wifi, nina neno, na neno lenyewe linakuhusu. Nimekasirika. Nilijaribu kungoja hasira ipoe ndipo nikuandikie, lakini haipoi. Kila asubuhi nikifika bustanini inachemka upya. Nataka kile kipande cha neti ulichowekewa na Kamanda. Nakihitaji sasa, kabla viwavi hawajamaliza kabichi zilizobaki.

Najua utasema, neti gani tena? Ngoja nikueleze, maana nadhani siku ile hukuambiwa ni kitu gani kilikuwa kinagawanywa.

Ile ni neti ya kufunikia mboga. Kaka yako aliishona mwenyewe kwa cherehani yake. Alinunua vipande vyembamba vyembamba, akaviunganisha kwa mshono wa kurudia mpaka likawa shuka moja refu la kufunika tuta zima. Matundu yake ni madogo: maji yanapita, jua linapita, lakini wale vipepeo weupe wanaotaga mayai chini ya majani hawapiti. Pembeni alikunja upindo mpana wa kufukia udongoni, asipatikane hata mdudu mmoja wa kupenya. Alipokuwa akiishona nilikuwa namsemesha, naye pini zimejaa mdomoni, anajibu "mm" tu. Nilizijua "mm" zake zote.

Mara ya kwanza alikosea. Alifunika miche bila kugeuza majani kuyaangalia, kumbe mayai yalikuwa yameshatagwa. Tukawafungia viwavi ndani, wakawa wanakula kwa raha zao, na ndege wanawatazama tu kwa nje. Alipofunua alicheka mpaka akakaa chini. "Mke wangu," akasema, "nimewajengea hoteli." Tangu hapo hakufunika tuta bila kupiga magoti na miwani yake, anageuza jani moja moja. Matango yakitoa maua anaufungua upande ule asubuhi, nyuki wapite, jioni anaufunga. Mboga zetu zilikuwa safi mpaka watu wakidhani tunazipiga dawa.

Sasa sikia walichofanya. Siku ya kugawana vitu vyake, neti ilikuwa imekunjwa kabatini pamoja na vitambaa vyake, inangoja miche ikue. Mimi nilikuwa jikoni nawachemshia chai. Mashati sikuyasemea. Viatu sikuvisemea. Koti lake la sherehe alilichukua mdogo wenu, Fundi Baiskeli, wala halifungi tumboni, nikanyamaza. Basi niko na birika langu, nikasikia mkasi mkubwa ukilia sebuleni, ule wa kukatia suti, na kwa nukta moja, wifi, nikasahau. Nilitaka kumwuliza kama nimwekee sukari. Kisha nikakumbuka, nikatoka mbio na kijiko mkononi.

Kamanda yuko magotini sakafuni, neti imetandazwa sebule nzima, anaikata. Tena kwa mkasi ambao kaka yako hakuruhusu mtu akatie hata karatasi!

"Shemeji, unafanya nini?"

"Nagawa," akasema, hata uso hakuinua. Unamjua kaka yenu mkubwa. Tangu alinde lile lango la kiwanda anaamrisha mpaka kuku. "Kitu alichokishona marehemu kwa mkono wake, kila mtu apate. Asije mtu akasema kapunjwa."

"Hiyo si nguo! Hiyo ni ya kabichi!"

"Kabichi hazirithi, shemeji."

Na watu wakacheka. Wifi, walicheka ndani ya nyumba yangu, huku wanakunywa chai yangu. Nilirudi jikoni nikaosha vikombe ambavyo havijatumika.

Wakakata mafungu matano: la Kamanda, la Shangazi, la Fundi Baiskeli, la kwako, na langu. Hebu niambie, mtu anafanya nini na fungu moja la neti? Ni kama kugawana mwavuli, huyu achukue kitambaa, huyu mpini, huyu vyuma, halafu wote walowe. Kila fungu ni dogo kuliko mlango. Na vipepeo hawakuchelewa. Walitua kwenye miche yangu kama waliotumiwa mwaliko.

Kabichi za kwanza nilizipeleka kwa mpishi wa shule, yule mama mnene anayenunua kwetu miaka yote. Akachukua moja, akaiinua juani, akanichungulia kupitia majani. "Mama, hii ni kabichi au chujio?" Nami nikacheka naye, ningefanyaje. Lakini alipozirudisha kwenye kapu langu hakuwa anacheka tena. Akaniambia kwa upole kwamba zijazo zikiwa hivi atatafuta mtu mwingine, maana watoto wakikuta kiwavi kwenye sahani mwalimu mkuu atapiga kelele. Unajua bustani ndiyo inayoniweka hapa. Ikishindikana, Kamanda ameshasema nikaishi kwake kwenye chumba cha uani. Chumba cha uani, wifi! Niwe naambiwa saa ya kuzima taa.

Basi nikajifunga kitenge, nikaenda kudai vipande, nyumba kwa nyumba.

Nilianza kwa Shangazi. Chake amekifanya pazia la jikoni, na ua amelidarizi pembeni. "Mwanangu, kimenipendeza," akasema, "tena inzi hawaingii." Nikamwambia, "Shangazi, hawaingii kwako kwa sababu wote wako kwangu." Akanitazama, akapanda kiti mwenyewe na miguu yake ile, akakishusha. Ua limebaki palepale. Kabichi zangu sasa zina ua.

Fundi Baiskeli nilimkuta anatoka kuoga. Nilipomwambia nilichofuata akaona haya mpaka masikio. Kumbe alikuwa amekikunja akakifanya dodoki. "Nisamehe shemeji, nilikuwa najisugulia mgongo. Lakini kinatoa grisi vizuri sana!" Alinipa kikiwa bado na povu.

Kamanda naye, nisimsingizie, chake alikirudisha. Alikuja nacho mpaka mlangoni, kimefuliwa, kimepigwa pasi. Nailoni, wifi! Kapiga pasi nailoni! Upande mmoja umeyeyuka ukagandamana, na yeye amesimama wima akingoja shukrani. Nikamshukuru.

Lakini nilipoomba cha kwako akakataa katakata. "Fungu la mtu aliye mbali haliguswi mpaka mwenyewe aseme." Nikamweleza, nikamchorea hata ardhini kwa kijiti. Akasema, "Shemeji, leo nikikupa wewe, kesho dada yangu atasema nini?" Nikamwambia atasema alhamdulillahi. Hakucheka.

Kwa hiyo nimeishona tena kwa cherehani ya kaka yako, mshono wangu umepinda kama njia ya mbuzi, lakini umeshika. Isipokuwa katikati. Wakati wa kukata, cha kwako ndicho kilichotoka katikati. Tuta limefunikwa huku na huku, na pale pamebaki wazi, na vipepeo wanaingia kama wageni wanaokaribishwa mlangoni. Nilijaribu kuziba kwa shuka la kitanda. Majani yakageuka manjano kwa kukosa jua. Nikaliondoa. Sasa nashinda pale na mkono nawafukuza, nikienda kuteka maji wanaingia.

Nimeambiwa Kamanda alikupigia simu siku ile ile, nawe ukasema, "Gaweni tu, na mimi mniwekee chochote alichokishona kaka." Wifi, sikulaumu kwa kutaka kumbukumbu. Wewe ulimzika kwa simu, ukisikia vilio vyetu bila kuona kitu. Lakini hukuuliza ni nini kinakatwa. Hukuuliza kama mimi nimekubali. Na chenyewe hujakishika. Kimefungwa kwa gazeti juu ya kabati la Kamanda, kimeandikwa "Fungu la Dada", mende wanakilinda. Kama unakiona ni haki yako na hukitoi, basi panda ndege, njoo usimame katikati ya tuta, ukitanue kwa mikono yako miwili mpaka kabichi zifunge!

Hapo nimezidi. Nisamehe. Ila nusu yake nimeimaanisha.

Tafadhali mpigie Kamanda. Usimtumie ujumbe, atasema hakuuona. Asikie sauti yako ikisema, "Mpe." Na najua moyo wako, utataka kuninunulia neti mpya. Usinunue. Sitaki kuonekana naomba kitu ambacho tayari ni changu.

Nisalimie mumeo, na wapwa zetu wote, hasa yule kitinda mimba aliyeng'oka meno ya mbele. Mwambie mke wa mjomba anataka picha akiwa anacheka. Shangazi anakusalimu, anasema unenepe kidogo. Fundi Baiskeli anakusalimu, anatafuta dodoki jingine. Kamanda sijamwuliza.

Ndani ya bahasha hii utakuta futi yake ya kupimia nguo, ile aliyokuwa anaivaa shingoni mpaka mezani. Namba za kiunoni zimefutika kwa kidole gumba chake. Siku ya kugawana niliificha mfukoni mwa gauni, na mpaka leo hakuna anayejua. Ukitaka kumbukumbu ya kaka yako, ndiyo hii. Nimekupa, ujibu usijibu. Lakini jibu.

Mungu akulinde kazini na njiani, na akupe goti lisilouma.

Wako akupendaye, hata hivi nilivyokasirika,

Mke wa kaka yako.