Kibao Chini ya Nyuzi

Kaka yangu,

Salamu kutoka huku kwenye zege. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Paka wa bwenini kazaa ndani ya buti langu, nafanya kazi na viatu vya kuazima.

Mama anasema vidole vyako vimeanza kukunjuka tena baada ya ule ugonjwa kuvikaza, na unaliulizia gitaa lako lililo huku kwangu. Nilimjibu kazi imebana, sijapata mtu wa kulileta. Nilimdanganya.

Lile gitaa ni raha kulishika. Tumbo limebinuka kama gamba la kobe, shingo fupi, nyuzi laini, hata vidole vyangu vya saruji vinafika. Najua gitaa refu huliwezi tena. Basi juzi nilitoa nyuzi zote nilifute vumbi, na kile kibao kinachozibeba kikadondoka. Nikadhani kimebanduka. Mimi mtu wa ujenzi, kaka, kitu kikicheza nakigandisha. Nikakipiga gundi.

Sasa gitaa linaimba kombo. Fundi wa magitaa alicheka mpaka akakaa chini. "Ndugu yangu, hicho hushikwa na nyuzi tu, kisogezwe mpaka sauti ikae sawa! Mbona hukulimwagia zege kabisa?" Anasema akikibandua, uso wa gitaa unaweza kuchanika, na bila ruhusa ya mwenyewe hagusi.

Nisamehe. Nikuletee hivi hivi, au fundi ajaribu? Amua wewe, kaka. Mimi nilishaamua mara moja, na umeona.

Mdogo wako